Bodi inayocheza na skatingi iliyong'oka: vyote vishikwe na tofali

Swali la msomaji: "Fundi, habari za kazi. Tunaishi Leicester, Uingereza, kwenye nyumba ya zamani ya matofali, zile zilizoungana mstari mzima. Ukuta mmoja wa sebule una urefu wa mita 3.6 na umefunikwa bodi za jipsamu. Tulipong'oa skatingi, ule ubao mrefu wa chini ya ukuta, ili tutandike sakafu ya laminati, ilitoka na karatasi ya bodi. Sasa bodi mbili ukizisukuma kwa chini zinaingia na kutoka, hasa karibu na soketi. Je, nirudishe skatingi kwa gundi kali ya tyubu? Au nibomoe ukuta wote nianze upya?"

Usibomoe, na skatingi usiirudishe kwa gundi peke yake. Bodi zinazocheza hutengenezeka zikiwa hapo hapo ukutani, mradi ziwe kavu na zisiwe zimelainika. Gundi ya tyubu ndiyo yenye dalili zote za kukuletea balaa hili. Aliyefunga skatingi mara ya mwisho aliibandika kwenye karatasi ya bodi, karatasi ikabebeshwa mzigo usio wake, nawe ulipovuta ubao ukang'oka na karatasi na kuyaachisha madonge ya gundi yanayoishika bodi kwa nyuma. Kila unachofunga sehemu ile ya chini lazima kifike kwenye tofali. Bodi haibebi kitu.

Aliyezoea kuta za kwetu, ambako tofali hupigwa lipu ya saruji vikawa kitu kimoja, huhangaika na ukuta wa namna hii kwa sababu nyuma yake kuna uwazi. Uingereza bodi yenyewe huwa na upana wa milimita 1,200, urefu wa 2,400 na unene wa 12.5, kwa hiyo ukuta wako umechukua bodi tatu kamili. Hubandikwa kwenye tofali kwa madonge ya gundi ya jipsamu, na kati ya bodi na tofali hubaki nafasi ya milimita 10 hadi 25 au zaidi kidogo, kutegemea tofali lilivyopinda. Fundi mzuri huzungusha mstari wa gundi usiokatika kando zote za bodi, chini, na kuzunguka tundu la soketi. Fundi mwenye haraka hupiga madonge tu na kuondoka.

Donge huachia kwa sababu chache zinazojulikana. Tofali lilikuwa na vumbi au rangi ya zamani, gundi ikashika vumbi badala ya tofali. Au tofali kavu lilinyonya maji ya gundi kabla haijakauka inavyotakiwa. Au gundi ilishaanza kuganda kwenye ndoo ndipo bodi ikasukumwa. Ya mwisho, na ndiyo ya kuogopa, ni unyevu. Jipsamu na maji havipatani hata kidogo.

Anzia hapo kwenye unyevu kabla hujashika drili. Geuza skatingi uliyoing'oa uitazame mgongo. Ukiwa mweusi, au ubao umeoza, au tofali lina chumvi nyeupe kama unga, ukuta unanyonya maji na ukarabati wowote utaachia tena. Toka nje uangalie: udongo, zege au sakafu ya uani inatakiwa iwe chini ya tabaka la kuzuia unyevu, lile lililolazwa ndani ya ukuta karibu na chini, kwa milimita 150 angalau. Angalia pia mfereji wa paa unaovuja na bomba la radieta linalotoa jasho. Bonyeza bodi kwa kidole gumba karibu na sakafu. Ikibonyea kama mkate uliolowa, sehemu hiyo itakatwa. Kama nyumba ni ya kupanga, simama hapo na umwandikie mwenye nyumba, kwa sababu unyevu wa ukuta ni jukumu lake.

Ikiwa pakavu, chukua penseli utafute madonge. Gonga kwa kifundo cha kidole ukipanda na kushuka. Penye donge sauti huwa nzito na fupi, na penye uwazi hulia kama debe. Sauti ya debe peke yake si kosa, kwa kuwa ndivyo ukuta huu ulivyojengwa. Kosa ni bodi kusogea. Weka alama ya msalaba kila penye donge, kisha sukuma kwa kiganja na uzungushie mstari eneo lote linalocheza.

Sasa umeme na mabomba. Zima saketi ya chumba kwenye meinswichi na uthibitishe kwa kipimo kwamba soketi imekufa, maana taa kuzimika si ushahidi. Kwa kanuni za Uingereza, waya zilizofichwa ukutani hupitishwa wima au mlalo kutoka kwenye soketi au swichi, au ndani ya milimita 150 kutoka dari, au ndani ya milimita 150 kutoka kona ya kuta mbili. Kwa hiyo usitoboe juu, chini, kulia wala kushoto ya soketi kwa mstari mnyoofu. Wengi hudhani ukanda wa karibu na sakafu nao ni njia rasmi ya waya. Siyo, lakini usijidanganye kwamba kila aliyewahi kufanya kazi kwenye nyumba ile alifuata kanuni. Mabomba membamba ya radieta hayana kanuni kama hiyo kabisa, na mara nyingi hushuka nyuma ya bodi. Pitisha kifaa cha kutambua waya na metali kabla ya kila tundu. Kama ukuta au dari ina rangi nzito ya mikunjo iliyowekwa kabla ya mwaka 2000, usiikwangue wala kuipiga msasa mpaka ipimwe asbestosi, iliyopigwa marufuku kabisa nchini humo mwaka 1999. Skatingi ya zamani sana inaweza kuwa na rangi yenye madini ya risasi, ambayo ni sumu. Hiyo ipige msasa ikiwa imeloweshwa, usiipige kavu.

Kuhusu soketi, fungua skrubu mbili za kifuniko umeme ukiwa umezimwa, ukivute mbele bila kugusa waya, uchungulie. Ukikuta kisanduku cha chuma kilichofungwa kwenye tofali, ni vizuri. Kinachokosekana ni gundi ya kuzunguka tundu. Ukikuta kisanduku cha plastiki chenye masikio yanayoibana bodi, basi kila anayechomeka chaja anaisukuma bodi, na hivyo ndivyo ilivyolegea. Kwa vyovyote, koroga gundi kidogo ya jipsamu iwe nzito, uisukume kwa kisu chembamba pembeni mwa tundu mpaka iguse tofali na bodi, pande zote nne, bila kufunika waya. Iache ikauke ndipo urudishe kifuniko. Kubadili kisanduku au kuhamisha waya mwachie fundi umeme.

Ukarabati wa bodi una hatua mbili, na kosa kubwa ni kufanya moja tu. Ya kwanza ni kuishikilia bodi kwenye tofali kwa skrubu; ya pili ni kujaza uwazi kwa povu ili bodi ipate mgongo. Skrubu bila povu huacha ngozi inayodunda kati ya skrubu na skrubu. Povu bila skrubu huitumbisha bodi nje kama tumbo, na povu likishaganda huwezi kuirudisha ndani.

Kwa skrubu, tumia fisha, vile vijimrija vya kuishikia skrubu ndani ya tofali, za plastiki za milimita 6 kwa 80 zenye skrubu zake za kichwa bapa. Hesabu yake ni hii: bodi 12.5, uwazi tuseme 20, jumla 32.5, kwa hiyo zinabaki milimita 47 ndani ya tofali. Usishuke chini ya 40. Toboa penye donge, si penye uwazi, kwa sababu skrubu inayokazwa penye uwazi huivuta bodi ndani na kuipasua karatasi. Anza na drili ikizunguka tu bila kugonga mpaka umalize bodi na donge, kisha washa kugonga kwenye tofali. Vumbi litakuambia ulipofika: unga mweupe laini wa bodi na donge, halafu mwekundu wa tofali. Ukisikia biti imeruka mbele ghafla kabla ya wekundu, umekosa donge. Vumbi la kijivu huashiria mota, yaani mchanganyiko unaounganisha matofali, au bloku. Mota ya chokaa ya nyumba za kale ni laini na fisha huzunguka ndani yake, basi sogeza tundu sentimita 4 juu au chini upate tofali. Tofali la Uingereza lina kimo cha milimita 65, hulikosi. Toboa zaidi ya urefu wa fisha kwa milimita 10, unyonye vumbi kwa mashine, ndipo uingize fisha.

Kaza kwa mkono mwishoni. Kichwa kizame kidogo tu chini ya uso wa karatasi bila kuikata, kwani kinachoishika bodi ni karatasi, na jipsamu ya ndani ni chaki tu. Karatasi ikikatika, skrubu hiyo haishiki kitu. Iache na upige nyingine sentimita 5 pembeni. Kaa mbali na ukingo wa bodi kwa sentimita 5 pia. Kwa bodi iliyolegea nusu ya chini, skrubu 9 hadi 12 zinatosha, safu tatu zikifuata madonge. Kila baada ya skrubu mbili au tatu, laza pimamaji refu ukutani uone kama bodi bado imenyooka na jirani yake.

Baada ya skrubu ndipo povu. Nunua lile la kubandikia bodi lenye kutanuka kidogo, na si lile la kawaida la kuzibia madirisha. Chupa moja ya mililita 750 inatosha bodi zako mbili. Toboa matundu ya milimita 10 ndani ya eneo ulilolizungushia mstari, kila sentimita 25 hivi, kwenye bodi tu bila kuingia tofali. Nyunyiza maji kidogo kwa kila tundu kwa sababu povu huganda kwa unyevu, ila vijimatone tu. Anza na matundu ya chini ukipanda, pulizia sekunde moja au mbili, subiri, tazama tundu la jirani. Povu likianza kuchungulia huko, acha. Simamisha ubao mlalo mbele ya bodi ukiuegemeza kwa miti miwili isiyoteleza, uuache mpaka siku ya pili. Usizungushie povu waya za soketi: waya uliofunikwa hushindwa kutoa joto lake, kwa hiyo bakisha sentimita 15 kila upande. Vaa glovu na miwani, fungua madirisha, na pasiwe na moto wowote karibu, maana gesi ya kusukumia inawaka. Povu lililokuangukia zuliani liache likauke ulikate. Ukilifuta likiwa bichi umelipaka zulia zima.

Kabla ya kuondoka kwenye povu, chuchumaa utazame ukingo wa chini wa bodi. Huwa umeachwa juu ya sakafu kwa milimita 15 hivi ili usinyonye maji, na mara nyingi nyuma yake hakuna kitu. Huo ndio mlango wa baridi inayotambaa miguuni Januari: hewa huzunguka nyuma ya bodi nzima na kutokea hapo chini. Pitisha mstari wa povu usiokatika kwenye uwazi huo mita zote 3.6, nyuma ya bodi, na ukikauka ukate kwa kisu usawa wa uso wa bodi.

Kama uliposukuma kwa kidole ulikuta sehemu laini au iliyovunjika, ikate. Kimo cha kukata kipange kwa akili: ikiwa skatingi yako ina milimita 120, kata kwa mstari wa 100 kutoka sakafu mpya, ili kiungo kifichwe na hutalazimika kupiga puti wala kupaka ukuta rangi. Tumia msumeno mfupi au mashine ya ubapa unaotetemeka, ukiweka alama ya utepe kwenye ubapa kwa kina cha milimita 12 usije ukachinja waya. Bandua madonge kwa tindo pana. Badala ya kubandika kipande kipya cha bodi hapo chini, funga ubao wa mbao kwenye tofali, wenye unene sawa na bodi na uwazi wake pamoja, ukiujaza nyuma kwa vipande vya plywood. Huo ubao utaishika skatingi kuliko bodi yoyote. Kwangu mimi hii ndiyo kazi bora kuliko zote hata pale bodi ya chini inapookoka, ila inahitaji subira.

Karatasi iliyochanika juu ya mstari wa skatingi isipakwe puti moja kwa moja. Ile karatasi ya kahawia ya ndani ikilowa hututumka mapovu. Kata ncha zote zinazoning'inia kwa kisu kikali, paka rangi ya kwanza ya kuziba isiyo ya maji, ikikauka ndipo puti nyembamba mara mbili. Vichwa vya skrubu na matundu ya povu nayo mara mbili, kisha msasa namba 120. Ipake puti rangi ya emalshani iliyoongezwa maji kabla ya rangi kamili, la sivyo kila kiraka kitang'aa tofauti jioni taa ikiwashwa.

Laminati itangulie skatingi. Iachie milimita 10 kutoka ukutani ipate kutanuka, na skatingi yenye unene wa milimita 18 itaufunika mwanya huo. Una bahati moja: sakafu mpya na mkeka wake vitainua skatingi kama sentimita moja, kwa hiyo mstari mchafu wa rangi ya zamani utafichwa. Usipigilie skatingi kwenye laminati. Weka kipande cha karatasi ngumu chini yake wakati wa kufunga, ukivute baadaye, sakafu ibaki huru kusogea.

Ukitaka kurudisha ile ile ya zamani, misumari yake ivute kwa koleo kutokea nyuma. Ukiipiga irudi mbele itapasua uso. Ile gundi kavu ya mgongoni ikwangue yote, kwani uvimbe wa milimita 3 tu huisimamisha skatingi mbali na ukuta.

Kwa urefu wa mita 3.6, funga sehemu 7: ya kwanza na ya mwisho sentimita 10 kutoka ncha, nyingine zikigawana katikati karibu kila sentimita 57. Hapa tumia fisha ndefu za milimita 8 zinazokuja na skrubu yake na kupenya ubao, bodi na tofali kwa mpigo mmoja. Skatingi 18, bodi 12.5, uwazi 15, jumla 45.5, fisha ya milimita 100 inabakiza 54 ndani ya tofali. Uwazi ukizidi 20, chukua ya 120. Ukifunga kwenye ule ubao wa mbao, skrubu ya milimita 40 yatosha na huhitaji fisha. Toboa skatingi kwanza, panua mdomo wa tundu ili kichwa kizame, ushikilie mahali pake kwa goti, kisha toboa ukuta kupitia tundu hilo hilo.

Sasa lile linalowashinda wengi. Unakaza skrubu, ncha ya chini ya skatingi inazama ndani, na ya juu inatoka nje na kuacha ufa. Ni kwa sababu chini hakuna bodi ya kuegemea, pana ule mwanya wa milimita 15 na povu lisilobeba. Legeza skrubu, chomeka nyuma ya ncha ya chini kipande cha plywood au plastiki cha unene unaohitajika, kimoja kila penye skrubu, ndipo ukaze ukiwa umeweka pimamaji wima kwenye uso wa ubao. Usijaribu kuuziba ufa wa juu kwa kukaza zaidi. Utauvunja ubao au utaitumbukiza bodi. Gundi ya tyubu, ukipenda, weka madoa machache nyuma kusaidia skrubu, na si mstari mzima, ili atakayeing'oa kesho asirudie yaliyokupata.

Kona ya nje kata nyuzi 45 kila upande na uibandike kwa gundi ya mbao. Kona ya ndani usiikate nyuzi 45, kwa kuwa kona za nyumba za zamani si mraba na kiungo kitafunguka. Ubao mmoja ufike mpaka ukutani, wa pili uuchonge kwa msumeno mwembamba ufuate umbo la wa kwanza, uukalie juu.

Vichwa vya skrubu vifunike kwa puti ya mbao ya kuchanganya, ile inayokauka ngumu, kisha msasa 120 na 180. Mstari wa juu kati ya skatingi na ukuta jaza akriliki ya tyubu ya kuzibia nyufa, inayokubali rangi, uipitishe kidole kilicholowa. Silikoni usiitumie hapo, rangi huikimbia. Chini, kwenye laminati, usijaze kitu.